Mchezaji Mwenye Hila

Wasomaji wa gazeti letu, wanafunzi mliopo na wenzangu wa zamani, kila mwaka katika kurasa hizi za Kiswahili twasoma habari za mpira, za kwaya, na za safari ya wanafunzi wa jiografia. Mchezo ninaotaka kuueleza mimi hauna kiwanja, hauna filimbi, wala hauna kikombe cha kunyanyuliwa mbele ya Mwalimu Mkuu. Huchezwa na watu wanne, watano au sita walioketi kuizunguka meza moja, wenye penseli na karatasi, na kazi yao kubwa ni kusimuliana hadithi. Walakini nao una wezi wake kama michezo mingine. Nimeshika kalamu kwa sababu nimepata habari kwamba chama cha mchezo huu hapo shuleni kilikaribia kuvunjika muhula uliopita, kwa ugomvi juu ya mwenzao aliyedanganya.

Kwanza yafaa niueleze mchezo wenyewe, maana wengi waliotutangulia hawakuukuta shuleni. Jina lake ni Dungeons & Dragons. Ulitungwa Marekani na mabwana wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, ukatolewa mwaka 1974 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Masanduku ya kwanza yalikuwa 1,000 tu. Mmoja wa wachezaji huwa msimulizi. Waliobaki kila mmoja hujitungia mhusika wake, kama vile askari, mganga, mpiga upinde au mwizi, akaandika katika karatasi sifa zake sita: nguvu, wepesi, na kadhalika. Msimulizi husema, "Mmefika kwenye daraja la kamba, na ng'ambo yake majitu mawili yamelala. Mwafanya nini?" Basi kila mtu hueleza afanyavyo mhusika wake. Jambo likiwa na hatari, kwa mfano kupiga mshale gizani, mtu haruhusiwi kusema tu, "Nimempata." Hurushwa dadu yenye nyuso 20. Namba ikiwa kubwa, amefaulu. Ikiwa ndogo, amekosa. Na 20 yenyewe ndiyo heri kuu, maana mshale huo hupata bila shaka yoyote, na madhara yake huhesabiwa kwa dadu maradufu.

Angalieni basi jambo moja. Katika mchezo huu hakuna mshindi. Wachezaji wote wako upande mmoja, na msimulizi si adui yao, ingawa ndiye anayesema maneno ya majitu. Mtu akiiba katika ludo, twajua anachotaka. Kadhalika katika omweso: mashimo ni 32, mbegu ni 64, na mwenye vidole vyepesi aweza kudondosha mbegu mbili mahali pa moja asipotazamwa, naye twajua anataka kumshinda aliyeketi mbele yake. Lakini huku mezani, kwa wenzake walio upande wake, mwenye hila amshinda nani? Swali hili lilinisumbua sana mwaka 2016, nilipokuwa kidato cha tatu nikiwa msimulizi wa kundi letu la watu watano.

Tulianza hivi. Kampuni inayouza mchezo huo siku hizi, Wizards of the Coast, ilitoa kanuni za msingi bure katika intaneti mwaka 2014. Mjomba wangu aliyekuwa Kampala akanichapishia kurasa hizo kwenye duka la fotokopi, akazitoboa na kuzifunga kwa uzi wa viatu. Hatukuwa na dadu hata moja ya nyuso 20. Dadu za ludo zilipatikana dukani, lakini hizo zina nyuso sita tu. Basi tukakata katoni ya biskuti tukafanya vipande 20 vya ukubwa wa stempu, tukaviandika namba kuanzia 1 hadi 20, tukavitia katika kikombe cha plastiki. Mtu alipotaka kurusha dadu aliingiza mkono kikombeni bila kutazama, akatoa kipande kimoja, akaisoma namba, akakirudisha. Tulijiona tumevumbua kitu. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1979, dadu zilipoadimika huko Marekani, kampuni ya mchezo huu yenyewe ilitia vipande vya karatasi vyenye namba ndani ya masanduku badala ya dadu. Basi, waliokuwa na viwanda walifanya kama sisi tuliokuwa na katoni ya biskuti.

Tulicheza kila Jumamosi baada ya usafi, katika chumba cha nyuma ya maktaba ambako huwekwa ramani zilizochakaa. Majina ya wenzangu sitayataja. Nitawaita kwa wahusika wao. Alikuwako Ngao, askari, kijana wa maneno makali. Alikuwako Mganga, mpole, ambaye alikuwa akiandika dawa zake zote kwa kalamu ya rangi. Alikuwako Mwizi, na lazima niseme kwamba katika miaka yangu yote ya kucheza sijapata kuona mtu mwaminifu kuliko yule aliyecheza mwizi; alikuwa akikumbusha mwenyewe majeraha yake wengine walipoyasahau. Na alikuwako Mpiga Upinde.

Mpiga Upinde hakukosa. Jumamosi ya kwanza tulishangilia. Ya pili tulishangilia kidogo. Ya tatu hakuna aliyeshangilia, na Mganga akaweka kalamu yake chini akauliza kwa sauti ya chini, "Mimi nimekuja kufanya nini?" Hakuwa amekasirika. Lilikuwa swali la kweli. Alikuwa na dawa zake zote katika karatasi, na hapakuwa na mgonjwa. Majitu yalikufa kabla hayajamgusa mtu. Ngao hakuwa na wa kumkinga. Mwizi hakuwa na haja ya kunyata, maana upinde ulimaliza kila jambo tokea mbali.

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali langu. Katika ludo mwizi huiba ushindi. Katika mchezo huu huwaibia wenzake haja ya wao kuwapo. Sisi tulioketi pale hatukupungukiwa na kitu ambacho ungeweza kukiandika katika karatasi, hata tulikuwa tumetajirika, tuna dhahabu na panga za majitu. Walakini kila Jumamosi tulitoka chumbani tumenyamaza zaidi kuliko Jumamosi iliyotangulia.

Mimi nilikuwa na desturi ya kuandika kila namba iliyotolewa kikombeni, kwa kuwa nilipenda hesabu. Nikafungua daftari langu. Katika Jumamosi tatu Mpiga Upinde alikuwa ameingiza mkono mara 46, na 20 ilikuwa imetoka mara 13. Kwa hesabu ya kawaida ingetoka mara mbili, au tatu. Wengine watatu, kila mmoja kwa mara zinazokaribia hizo, walikuwa na mbili, tatu, na mbili.

Sasa hapa nataka kuwaonya wapenda hesabu wenzangu. Hesabu ni shahidi mzuri wa kukufanya utazame, lakini si shahidi wa kumhukumu mtu peke yake. Kupata 20 mara mbili mfululizo ni bahati ya mara moja katika 400. Mara tatu mfululizo ni moja katika 8,000. Ukisikia hivyo utafikiri haiwezekani. Lakini kundi linalocheza muhula mzima huingiza mkono kikombeni mara mamia mengi, na mambo ya nadra hutokea kwa mtu asiye na kosa lolote. Mwalimu wetu wa hisabati alizoea kusema kwamba lazima mtu fulani ashinde bahati nasibu. Kwa hiyo sikusema neno. Wenzangu walipotoka, nilimwaga vipande mezani nikavipapasa kimoja kimoja kwa kidole gumba. Kumi na tisa vilikuwa vikavu kama katoni yoyote. Cha 20 kilikuwa kinateleza. Kilikuwa kimepakwa nta ya mshumaa pande zote mbili, kwa uangalifu, hata kwa macho usingeijua.

Lazima niwaambie hali ya bweni letu muhula ule, la sivyo hamtaelewa kwa nini jambo dogo la katoni lilinikosesha usingizi. Wiki mbili kabla ya hapo fedha za matumizi za kijana wa kidato cha kwanza zilikuwa zimeibwa katika sanduku lake. Siku chache baadaye zikapotea za mwingine. Wakubwa wa bweni walikuwa wamekwisha mshika kijana mmoja usiku na kumpiga, naye hakupatikana na kitu. Kila mtu alikuwa akimtazama jirani yake. Katika hali hiyo, neno "mwizi" likitamkwa juu ya mtu, kwa jambo lolote, halingeulizwa ni wizi wa namna gani. Nilijua kabisa kwamba nikikinyanyua kile kipande chenye nta mbele ya watu watano Jumamosi mchana, usiku wake Mpiga Upinde angekuwa ameshikwa na watu thelathini.

Ngao alikuwa amekwisha hisi. Alinikamata kwenye foleni ya chakula akasema, "Yule anatuchezea. Wewe ndiwe msimulizi. Jumamosi mlete simba amle." Nikamwambia kwamba simba hatakuja. Akaniuliza kwa nini. Nikamjibu kuwa simba akimla mhusika, mwenyewe atajifunza nini? Atajifunza kwamba safari ijayo apake nta kipande cha 19 pia. Ngao akacheka, nami nikashukuru kwamba amecheka, maana mtu aliyecheka aweza kungoja.

Desturi hii ya kuwaadhibu wachezaji ndani ya hadithi nimeikuta mahali pengi, na sipatani nayo. Msimulizi amemkasirikia mtu, badala ya kusema naye anamwangushia jiwe kutoka mawinguni. Mwenye kosa anadhani ni bahati mbaya, wengine wanadhani msimulizi amekuwa katili, na lile kosa lenyewe halijatajwa. Mambo ya hadithini yaishie hadithini. Kosa la mtu wa meza lizungumzwe na mtu wa meza, kwa kinywa.

Jambo nililofanya kwanza ni kukibadili chombo. Jumamosi iliyofuata nilikuja na vipande vipya, vimekatwa katika katoni moja, nikasema tu kwamba vile vya zamani vimechakaa, na ilikuwa kweli. Tena nikaweka kanuni kwamba kila mtu atachotewa na jirani yake wa kulia, kisha jirani ataisoma namba kwa sauti. Ngao akamchotea Mpiga Upinde. Nne. Tisa. Mbili. Kumi na moja. Mpiga Upinde alikosa mara tano siku ile, na jitu likampata begani. Mganga alisimama kabisa kitini, akaitia dawa yake ya rangi ya kijani akihesabu kwa sauti, na kila mtu akasikia. Ilikuwa Jumamosi nzuri kuliko zote za muhula, kwa wote isipokuwa mmoja. Yeye alikunja karatasi yake mapema akatoka.

Kesho yake, Jumapili wakati wa kufua, nilimfuata bombani. Nilingoja mpaka wengine walipokwenda kuanika.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "kipande chenye nta ninacho mimi. Hakuna mwingine aliyekiona."

Akaendelea kusugua shati lake. Kisha akasema, "Utawaambia?"

"Sitawaambia."

"Ngao je?"

"Ngao anadhani. Hajui."

Akasuuza shati, akalikamua, akalisuuza tena ingawa lilikuwa limekwisha kuwa safi. Nikamwuliza kwa nini. Sikumwuliza kama hakimu; nilitaka kujua kweli. Akasema hivi, nami nayakumbuka maneno yake karibu yote: "Kila mwisho wa muhula nafasi husomwa mbele ya watu. Mimi ni wa 58 katika 61. Kila mtu anajua. Huku nilitaka mahali pamoja tu ambapo nikinyosha mkono nisikose."

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwambia kwamba Mganga alikuwa ameuliza amekuja kufanya nini. Akasema, "Nilimsikia." Nikaona kwamba neno lile lilikuwa limemwuma kuliko yote ambayo ningeweza kuyatunga mimi, basi sikuongeza. Nikamwambia kiti chake kipo Jumamosi, na kanuni ya kuchotewa itabaki kwa wote, hata kwangu mimi msimulizi.

Jumamosi alikuja. Kabla hatujaanza alisema kwamba mpiga upinde wake amechoka na vita, amekwenda kwao kulima, na kwamba yeye ataanza mhusika mwingine katika daraja la kwanza, ingawa sisi wengine tulikuwa la nne. Ngao akanitazama. Mimi nikatazama dirishani. Sifa za mhusika mpya hupatikana kwa kurusha dadu nne za nyuso sita, ukaacha iliyo ndogo kuliko zote, ukajumlisha tatu zilizobaki. Yaani haizidi 18. Tukatumia dadu za ludo, katikati ya meza, machoni pa wote. Nguvu zikatoka 5. Mwizi akasema, "Arushe tena, hiyo ni ndogo mno." Mwenyewe akakataa. Akaiandika tano hiyo kwa wino. Kwa nguvu hizo mtu hawezi hata kubeba mzigo wake, basi akamfanya mzee wa kijiji anayefuata msafara akiwapikia wenzake na kuwabishia njiani. Mzee yule aliishi mpaka tulipomaliza kidato cha nne. Alizirai mara nyingi kuliko wahusika wote, na Mganga hakupata tena kuuliza amekuja kufanya nini.

Zile fedha za bwenini hazikuonekana mpaka leo.

Msidhani kwamba kila mwenye hila husikia akiambiwa faraghani. Miaka michache baadaye, nikiwa Kampala chuoni, nilijiunga na kundi jingine, la watu wazima, wenye dadu za kweli za nyuso 4, 6, 8, 10, 12 na 20. Alikuwamo bwana mmoja aliyetuzidi umri kwa miaka kumi hivi, mwenye kazi yake nzuri, nasi tulimwita kaka. Alikuwa na desturi ya kurusha dadu karibu na kifua chake, akaiokota upesi kabla haijatulia, akitaja namba. Namba ilikuwa nzuri daima. Rafiki yangu alimwambia faraghani, kwa adabu, kama mdogo amwambiavyo mkubwa: "Kaka, tunaomba tuione." Akaitikia vizuri, na siku iliyofuata akafanya vilevile. Nikamwambia mimi. Akasema, "Mnanifanya mtoto?"

Tukanunua sinia ndogo ya bati, tukaiweka katikati ya meza. Kanuni ikawa kwamba dadu isiyoangukia ndani ya sinia haihesabiwi, na dadu iliyookotwa kabla mwingine hajaiona haihesabiwi. Kanuni hii ni ya wote, kwa hiyo haimtaji mtu, nami naisifu kuliko zote nilizopata kuziona. Walakini yeye hakuipenda. Badala ya kurusha siniani akamgeukia dada mmoja aliyekuwa akisomea uuguzi, ambaye jioni ile alikuwa na bahati kubwa, akasema mbele ya wote kwamba kama kuna mdanganyifu, basi dadu ya dada huyo ina uzito upande mmoja.

Dada yule alinyamaza, macho yakamjaa machozi. Ile dadu alikuwa amepewa na ndugu yake. Nikaona jinsi shutuma inavyoruka upesi, na jinsi isivyochagua mahali pa kutua. Bahati nzuri kuna njia ya kuipima dadu ya plastiki. Tuliomba glasi ya maji ya vuguvugu jikoni, tukakoroga chumvi nyingi, kijiko baada ya kijiko, mpaka dadu ikaelea. Kisha huisukuma kwa kidole ikazunguka, ukaangalia uso unaokuja juu. Ikiwa ndani ina upande mzito, upande huo huzama, na nyuso zilezile huja juu tena na tena. Tuliizungusha mara 30 nikaandika namba zote. Zilikuja namba za kila aina, ndogo na kubwa. Dadu ilikuwa safi. Dada akaifuta maji kwa kitambaa akairudisha mfukoni, na hakuitumia tena jioni ile.

Basi tukamwambia kaka yetu kwamba ama arushe siniani, ama asicheze nasi. Akachukua koti lake. Wawili waliokuwa rafiki zake wakaondoka pamoja naye. Tulibaki watatu, na watatu hawatoshi kwa safari tuliyokuwa tumeianza. Ikafa pale pale, katikati ya pango. Ilipita miezi mitano kabla hatujapata wengine. Nasema hivi ili yeyote anayemwondoa mtu ajue gharama yake mapema. Mimi bado naona tulifanya sawa. Yule wa bwenini alikuwa amemwumiza Mganga bila kukusudia, na alipolijua jambo hilo aliacha. Huyu alipobanwa alitafuta mtu wa kumtwika. Hao ni watu wawili tofauti kabisa, ingawa ukiandika katika daftari namba walizozitaja, daftari halitakuonyesha tofauti yao.

Wapo wanaouliza kuhusu msimulizi mwenyewe. Yeye mara nyingi huweka mbele yake ubao wa karatasi ngumu, na nyuma yake hurusha dadu zake bila kuonwa. Je, akiona mhusika wa mtu atakufa, akabadili namba kwa huruma, si mdanganyifu naye? Watu wa mchezo huu wamebishana sana juu ya jambo hili, hata wasimulizi hodari hawapatani. Rai yangu mimi ni kwamba ubao ufiche ramani na siri za hadithi, lakini dadu ziwe wazi. Nimewaona wachezaji walioambiwa baada ya mwaka mzima kwamba siku fulani waliokolewa kwa huruma. Walisikitika kana kwamba wamenyang'anywa kitu. Kama kundi limekubaliana tangu mwanzo kwamba hakuna mhusika atakayekufa, vema, hiyo ni kanuni yao, waicheze. Neno ni kukubaliana.

Tena kuna wasiojua kujumlisha. Msiwasahau. Mtu akisema 17 mahali pa 15 kila mara, huenda anajumlisha silaha mara mbili kwa kutoelewa. Mwambieni ahesabu kwa sauti, hatua kwa hatua, na jirani amsikilize. Nusu ya wanaoshtakiwa kwa hila hupona kwa dawa hiyo.

Sasa nije kwenye ugomvi wa chama chenu. Kama nilivyosikia, mwenzenu hakugusa dadu. Alikipata kitabu cha hadithi mnayoicheza, akakisoma chote usiku, akawa anajua kila mlango una nini nyuma yake. Akawaongoza wenzake moja kwa moja hadi kwenye hazina, akasema amebahatisha. Baadhi yenu mwataka afukuzwe. Mimi ningeanza kwa kuhamisha hazina. Kitabu ni cha msimulizi, naye ana ruhusa ya kubadili lolote lililomo. Mlango wa kushoto ukawa wa kulia, na mzee mwema wa kitabuni akawa mwongo, basi usiku wake wa kusoma utakuwa kazi bure. Nalo hilo lisifanywe kama adhabu, wala kwa kumcheka.

Kisha mtu mmoja, si kamati nzima, amchukue pembeni amwulize. Na kama atasema kwamba alikuwa na hamu tu ya kujua nyuma ya mlango kuna nini, hakuweza kungoja, basi nina neno la kumwambia mlezi wa chama. Kijana anayesoma kurasa mia usiku mmoja kwa tochi ili ajue siri za pango ndiye hasa mnayemtafuta, maana nimesikia kwamba msimulizi wenu anamaliza kidato cha sita mwaka huu na hakuna anayetaka kuketi mahali pake. Mpeni kiti hicho kwa Jumamosi mbili, mwone.

Dadu seti mbili zitaletwa na basi mwanzoni mwa muhula, kwa jina la mkutubi. Nimezipima katika chumvi. Sinia itakuwa ndani ya mfuko uleule. Tafadhali isitumike kwa chakula.

Mwanafunzi wa Zamani, 2014–2019